Zuckerberg Ahukumiwe kwa Maneno Yake

Video ya Mark Zuckerberg ya Januari 7, 2025 ilisambaa vya kutosha. Haina haja ya kusimuliwa upya. Kwa dakika tano hivi mkuu wa Meta alisema kampuni yake imezidisha udhibiti wa maoni, wahakiki wa taarifa wamepoteza imani ya watu, na sasa Facebook na Instagram zinarudi kwenye asili yake, yaani uhuru wa kujieleza. Siku hiyohiyo Joel Kaplan, msimamizi mpya wa sera za kampuni duniani, alichapisha andiko lenye hoja hizohizo na takwimu chache. Video ilipata watetezi hata huku kwetu, na wengi wao wana sababu zao. Ni watu waliowahi kufungiwa akaunti bila kuelezwa kosa, au wanaoishi chini ya serikali zinazoita kila swali uchochezi. Mtu wa namna hiyo akimsikia bilionea anaahidi kuwaacha watu waseme, hushangilia kwanza na kusoma baadaye.

Namwomba msomaji akalie kiti cha jaji. Nia ya Zuckerberg tuiache, haipimiki. Tupime hoja moja baada ya nyingine. Mashahidi wa nje watakuwa wachache, kwa sababu shahidi anayemwangusha Zuckerberg mara nyingi zaidi ni Meta.

Hoja ya kwanza inasema wahakiki wa taarifa wana upendeleo wa kisiasa, hasa Marekani, na wamebomoa imani kuliko walivyoijenga. Tuipe haki yake. Mhakiki huchagua taarifa ipi aichunguze na ipi aiache, na katika kuchagua ndipo upendeleo unapoweza kupenya. Hilo halibishaniwi. Lakini shtaka lililosomwa mbele yetu ni udhibiti, na udhibiti una mtendaji. Katika mpango ulioanzishwa na Facebook Desemba 2016, mhakiki hakupewa uwezo wa kufuta chapisho hata moja. Kazi yake ilikuwa kuandika makala yenye ushahidi na kulipa chapisho alama: si kweli, limepotoshwa, halina muktadha. Kilichofuata kilikuwa mikononi mwa kampuni. Kampuni ndiyo iliyobandika onyo, ndiyo iliyopunguza usambaaji. Kufuta kulifanywa na kampuni hiyohiyo kwa kanuni ilizojitungia. Anayelalamika kwamba chapisho lake liliondolewa ana malalamiko halali dhidi ya Meta. Zuckerberg amempa anwani ya mtu mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo video ililiruka. Kwa miaka mingi kampuni iliwazuia wahakiki kugusa kauli za wanasiasa. Mwaka 2019 Nick Clegg, aliyekuwa akisimamia mahusiano yake na serikali, alilitangaza hilo hadharani na kulitetea. Mwanasiasa akiandika uongo kwenye ukurasa wake, mhakiki hakuruhusiwa kuupa alama. Basi tunaelezwa kwamba wahakiki waliharibu mjadala wa kisiasa, ilhali wenye sauti kubwa kuliko wote katika siasa waliwekewa uzio na kampuni ili wahakiki wasiwafikie.

Hapo sijafika kwenye utetezi wa mwaka 2021. Nyaraka za ndani alizovujisha Frances Haugen, mfanyakazi wa zamani wa Facebook, zilipotoka, New York Times iliandika kwamba asilimia 87 ya bajeti ya muda wa kubainisha taarifa potofu ilitengewa Marekani peke yake, na asilimia 13 iliyobaki ikagawiwa dunia nzima. Msemaji wa Facebook alijibu kwamba hesabu hiyo haikukamilika kwa sababu haikuwahesabu wahakiki washirika, ambao wengi wako nje ya Marekani. Soma jibu hilo pamoja na video. Mwaka 2021 wahakiki walikuwa ushahidi kwamba kampuni inatujali. Mwaka 2025 wakawa ushahidi kwamba ilitukandamiza. Watu ni walewale, mkataba ni uleule, na kanuni za maadili walizotakiwa kuzifuata ni zilezile za mtandao wa kimataifa wa wahakiki. Kilichobadilika ni aina ya lawama iliyohitaji kujibiwa.

Na wahakiki wa nje ya Marekani hawakuondolewa siku ile. Mpango ulisimamishwa Marekani tu, ukaisha rasmi huko Aprili 2025, huku kwingine ukiendelea. Hapa mtetezi achague. Kama mhakiki ni mdhibiti aliyejificha, kwa nini kampuni iliendelea kumlipa Nairobi na Johannesburg? Kama ni mtu wa manufaa, kwa nini alifukuzwa Marekani? Akisema tatizo lilikuwa la Wamarekani peke yao, basi na aache kutuhubiria kana kwamba ni kanuni ya uhuru wa binadamu wote.

Hoja ya pili: mahali pa wahakiki pachukuliwe na watumiaji wenyewe, kwa mfumo wa Maelezo ya Jamii uliokopwa kutoka X, iliyokuwa Twitter. Wazo si baya, na wanaolibeza hawajalisoma. Twitter ililianza Januari 2021, kabla Elon Musk hajainunua, na ndani yake mna ubunifu wa kweli: maelezo hayaoneshwi kwa sababu yamepigiwa kura nyingi, bali pale watu ambao kwa kawaida hawakubaliani wanapokubaliana kwamba yanasaidia. Hilo linazuia kundi moja kuteka uwanja.

Tatizo liko palepale penye ubunifu. Maelezo yanasubiri maafikiano ya mahasimu, na uongo unaodhuru ni ule unaozuka wakati mahasimu hawaafikiani juu ya chochote: usiku wa kuamkia uchaguzi, siku ya mapigano, saa ya matokeo. Tena Meta ilisema mapema kwamba chapisho lililobandikwa maelezo halitapunguziwa usambaaji. Yaani dawa inafika baada ya mgonjwa kusafiri, na ikimkuta haimzuii kuendelea na safari. Majaribio yalipoanza Machi 2025, waandishi wa maelezo walitakiwa wawe wanaishi Marekani, na lugha zilikuwa sita: Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kivietinamu, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwemo. Huenda kikaingizwa siku moja. Lakini hoja inayotetewa kwa jina la watumiaji wote ilianza kwa kuchagua watumiaji.

Tunafika kwenye hoja yenye nguvu kuliko zote, ile ya makosa. Zuckerberg alisema mifumo tata hukosea, na hata ikifuta kimakosa asilimia 1 tu ya machapisho, hao ni mamilioni ya watu. Kwa hiyo vichujio vya kompyuta vitabaki kwa makosa mazito, kama ugaidi, unyanyasaji wa watoto kingono, dawa za kulevya na utapeli. Kwa mengine kampuni itasubiri mtu aripoti. Alikiri wazi kwamba maudhui mabaya zaidi yatapita. Nampa alama kwa ukweli huo. Wakubwa wa kampuni za namna hii hawana mazoea ya kutaja bei ya bidhaa zao.

Ila hesabu haikubali. Siku hiyohiyo Kaplan aliandika kwamba machapisho yote yaliyoondolewa kila siku hayafiki asilimia 1 ya yanayowekwa, na kwamba kati ya kila hatua kumi za kuondoa, moja au mbili huenda zilikuwa makosa. Chukua kalamu. Kumi au ishirini kwa mia ya kitu kisichofika asilimia 1 ni chini ya asilimia 0.2. Mfano wa Zuckerberg wa "hata asilimia 1 tu" ni mara tano ya kiwango cha juu kabisa ambacho msaidizi wake mwenyewe alikikadiria. Ili mfano huo uwe kweli, ingebidi kampuni ifute kimakosa machapisho mengi kuliko yote inayoyafuta, ya haki na ya makosa kwa pamoja. Ni kweli alisema "hata", akaliweka jambo kama dhana. Dhana iliyowekwa mahali ambapo takwimu halisi ilikuwepo, mezani mwa jirani, haikuwekwa kwa bahati mbaya.

Makosa yenyewe yapo, na yanawaumiza watu halisi. Swali ambalo video haikuliuliza ni yanatoka wapi. Sisi tuna jibu, kwa sababu sehemu yake ilifanyika Nairobi. Huko kampuni ya Sama iliajiri vijana kukagua maudhui ya Facebook kwa niaba ya Meta, wakitazama vichwa vilivyokatwa, ubakaji na watu wakijiua, kwa lugha mbalimbali za ukanda huu. Februari 2022 jarida la TIME liliripoti kwamba baadhi yao walilipwa dola 1.50 kwa saa. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, wakaguzi wakaachishwa, wakaenda mahakamani. Mwaka uliofuata iliwekwa wazi kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na daktari wa magonjwa ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wakakutwa na maradhi ya msongo unaofuata kiwewe. Mkaguzi aliyechoka, anayelipwa kidogo, akihukumu mamia ya video kwa zamu moja, lazima akosee. Hukosea kwa kufuta kisichostahili na kwa kuacha kinachostahili kufutwa. Hapo utata wa mfumo hauna sehemu kubwa. Gharama ndiyo inayoamua, na gharama huamuliwa na mtu.

Makosa ya upande wa pili ndiyo ambayo video haikuyataja kabisa, nayo kwetu ndiyo yanayoua. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipelekea Facebook matangazo ya majaribio yenye chuki ya kikabila na wito wa kuua, kwa Kiswahili na Kiingereza, yakakusudia kuyaondoa kabla hayajaoneshwa kwa mtu yeyote. Ya Kiswahili yalipitishwa. Matatu ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni, kwa sababu ya sarufi na lugha chafu. Yalipofanyiwa marekebisho madogo, nayo yakapitishwa. Mfumo huo, unaojua kusahihisha Kiingereza cha mchochezi na usione kwamba anachochea, ndio tunaoambiwa kwamba tatizo lake ni ukali uliozidi.

Na huku kusubiri mtu aripoti? Kwa Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia kutoka Ethiopia, kulishajaribiwa. Oktoba 2021 machapisho ya Facebook yalimtaja kwa jina na picha, wakati wa vita vya Tigray. Novemba 3 alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Bahir Dar. Mwanawe, Abrham, ameieleza mahakama ya Nairobi kwamba aliyaripoti machapisho hayo kabla baba yake hajauawa, na kampuni haikuyaondoa kwa wakati. Mahakama bado haijaamua kesi yenyewe, nami sitaiamua hapa. Lakini aliyesikia madai hayo hawezi kutamka neno "ripoti" kwa wepesi uliotumika kwenye video.

Hoja ya nne inahusu kanuni. Zuckerberg alisema baadhi ya makatazo, kwa mfano kuhusu wahamiaji na jinsia, yameachana na mazungumzo ya kawaida ya watu, na Kaplan akaandika kwamba si haki jambo linalosemwa bungeni au kwenye runinga likatazwe Facebook. Kama tungekuwa tunazungumzia Marekani tu, hoja hii ingestahili mjadala mrefu. Lakini kanuni zilizolegezwa ni za watumiaji wa nchi zote, na kipimo kilichotumika ni Bunge la Marekani na runinga ya Marekani. Mhamiaji anayetukanwa Johannesburg hakushirikishwa katika hayo mazungumzo ya kawaida. Bodi ya Usimamizi, chombo ambacho Meta yenyewe ilikiunda na inakigharimia, ilisema Aprili 2025 kwamba mabadiliko yalitangazwa kwa haraka, kinyume na utaratibu wa kawaida, na kwamba haijawekwa wazi kama athari zake kwa haki za binadamu zilichunguzwa kwanza. Angalieni mpangilio: kilicholegezwa kilivuka mipaka siku ileile, na kilichopaswa kuziba pengo kilibaki Marekani.

Texas haitupotezei muda. Tuliambiwa timu za usalama zitahamishwa kutoka California kwenda Texas ambako watu hawana wasiwasi mkubwa kuhusu upendeleo. Upendeleo wa California huponywa kwa upendeleo wa Texas iwapo tu tatizo lilikuwa ni kutopendelewa. Isitoshe, Meta ilikuwa na wakaguzi wa maudhui Texas kabla ya video.

Inayobaki ni hoja iliyowavuta wengi huku kwetu: kwamba kampuni itashirikiana na Rais Trump kuzipinga serikali zinazolazimisha udhibiti. Zuckerberg aliitaja Ulaya kwa sheria zake, Amerika ya Kusini kwa mahakama za siri, China kwa kufunga programu za kampuni. Afrika haikutajwa. Uganda ilikuwa imeifunga Facebook tangu Januari 2021, karibu miaka minne kabla ya video, na kiongozi wa Facebook akiorodhesha serikali zinazozuia watu kusema hakuikumbuka.

Kisa cha Uganda kinafaa kusimuliwa kwa sababu kinaigeuza hoja nzima. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Januari 14, 2021, Facebook iliondoa mtandao wa akaunti ambazo ilisema zilihusiana na kituo cha mawasiliano cha Wizara ya Habari na Teknolojia, zikitumia akaunti bandia kuikuza serikali. Rais Museveni alikasirika, akasema mtandao ukitaka kufanya kazi Uganda uwatendee wote kwa usawa, na Facebook ikafungwa. Aliyefuta akaunti hapo alikuwa anaulinda mjadala dhidi ya dola. Aliyelalamikia upendeleo alikuwa dola. Lalamiko la Museveni la 2021 na lalamiko la wanasiasa wa Marekani ambalo Zuckerberg amelikubali 2025 ni moja: mnatubagua. Kampala alilikataa. Washington amelifanya kuwa sera.

Kuhusu kusimama dhidi ya serikali, kumbukumbu za kampuni hazimsaidii. Agosti 26, 2024 Zuckerberg alimwandikia mbunge Jim Jordan kwamba maofisa wa serikali ya Biden waliishinikiza Meta iondoe baadhi ya maudhui ya Uviko-19, na kwamba shinikizo hilo halikuwa sawa. Katika barua hiyohiyo aliandika kwamba uamuzi wa kuondoa au kuacha ulikuwa wa kampuni, nayo inaubeba. Miezi minne na siku kadhaa baadaye, mwenye uamuzi amekuwa mhanga. Trump naye aliulizwa siku ileile ya video kama Zuckerberg alikuwa anajibu vitisho alivyowahi kumtolea. Alijibu kwamba huenda ndivyo. Kabla ya Januari kwisha, Meta ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza kesi ya Trump kuhusu akaunti zake zilizofungwa baada ya vurugu za Januari 6, 2021. Haya yote hayathibitishi kwamba sera ilinunuliwa. Yanathibitisha kwamba mtu anayetangaza kujitoa kwenye shinikizo la serikali alifanya hivyo kwa kutangaza ushirika na serikali inayoingia.

Watetezi wakibanwa hapa hukimbilia hoja ya mwisho: uwanja wa maoni urudishwe kwa watu, kampuni isiamue nani aseme. Ni hoja tamu, na mahakamani Meta imeikana. Florida na Texas zilipotunga sheria za kuzuia mitandao mikubwa kufuta maoni ya watumiaji, NetChoice, chama cha kampuni za teknolojia ambacho Meta ni mwanachama wake, kilizipinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja yake: kuchagua nini kioneshwe na nini kiondolewe ni kauli ya kampuni, nayo inalindwa na Katiba kama tahariri ya gazeti. Julai 1, 2024 mahakama ilizirudisha kesi chini, lakini maoni ya majaji wengi yaliyoandikwa na Elena Kagan yaliikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Basi ukishtakiwa, kuchuja maudhui ni uhuru wako. Ukitafuta kupendwa, kuchuja ni udhibiti. Na Texas iliyoburuzwa mahakamani kwa kutaka mitandao ipunguze kufuta, ndiyo Texas inayoletewa timu kwa ajili ya kuaminika.

Kama kampuni ni mhariri, basi iwajibike kama mhariri. Hilo ndilo inalolikwepa Nairobi. Daniel Motaung, aliyekuwa mkaguzi wa maudhui kwa Sama, aliishtaki Meta Mei 2022. Meta ikajibu kwamba ni kampuni ya kigeni na mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ilikataa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani nayo ikakataa. Aprili 3, 2025, miezi mitatu baada ya video, Mahakama Kuu iliamua kwamba inaweza kusikiliza pia kesi ya familia ya Profesa Meareg. Kampuni ilikuwa imetumia miaka ikidai kwamba Kenya inafaa kwa kukagulia maudhui, kuuzia matangazo na kukusanyia watumiaji, ila haifai kwa kuisikiliza kesi yake.

Msomaji, atakayekuletea video ile kama ushindi wa uhuru wa kujieleza, usimbishie thamani ya uhuru, mnakubaliana. Mwombe akueleze kwa nini anayeamini watu waachwe waseme alipeleka mawakili mara tatu kuiambia mahakama ya Nairobi isiwasikilize.